Namba 22 Alipita Mbele ya Macho Yangu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nairobi, anayejifunza hoki ya barafu kwenye uwanja wa Hoteli ya Panari, aliniandikia: "Kaka, nifanye nini niwe skauti kama wewe?" Nilicheka kwa uchungu, maana kidonda cha Juni bado hakijafunga.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Mombasa. Barafu niliyoijua utotoni ni ile ya kutia kwenye maji ya ukwaju. Huu ni msimu wangu wa sita nikizunguka Ontario, Kanada, kusaka vipaji vya hoki: kutazama washambuliaji wa ligi ya vijana, wa miaka 16 hadi 20, na kuandika ripoti kwa kampuni ndogo inayonilipa kwa kila ripoti na kunirudishia pesa ya petroli. Mama hadi leo anawaambia majirani nimejiunga na wale skauti wa skafu shingoni. Nimechoka kumsahihisha.

Ijumaa moja ya Novemba mwaka jana mkuu wangu alinituma Kitchener, kwenye uwanja ule wa tangu 1951, nikamtazame winga aliyekuwa gumzo. Hakuniangusha. Kijana mrefu, shuti kama fataki, mabao mawili. Nilimwandikia ukurasa mmoja na nusu, na sifa nyingine nikizisoma leo natamani ardhi inimeze. Timu pinzani ilikuwa na senta, yaani mshambuliaji wa kati, namba 22, kijana wa mwili mdogo. Hakufunga, hakutoa pasi ya bao. Nilimwandikia maneno matatu: "Mdogo. Hana kitu."

Juni mwaka huu timu 32 za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, zilichagua vijana wao. Namba 22 akachukuliwa. Winga wangu akapita raundi zote 7 bila kutajwa. Kabla sijazima televisheni, simu ikalia, ujumbe wa mkuu: "Ulikuwepo siku hiyo, sivyo?"

Nilikuwepo. Tulikuwepo wanane tumejipanga kule juu na madaftari yetu, na sijui ni nani kati yetu aliyemwandika 22 vizuri, lakini ujumbe nilitumiwa mimi.

Usiku ule niliirudia video ya mechi. Bao la kwanza la winga lilipatikana wakiwa watano dhidi ya wanne, mpinzani mmoja ametolewa kwa adhabu. La pili lilikuwa la dakika ya mwisho, wapinzani wameshamtoa kipa wao kuongeza mshambuliaji, goli liko wazi. Hata mimi na magoti yangu haya ningelifunga. Dakika nyingine zote, wakiwa watano kwa watano, winga hakupata kitu, na ukitazama ni nani aliyekuwa naye kwenye barafu, ni 22. Kila winga akiruka kutoka benchi, kocha wa upande wa pili anamtuma 22. Zamu ya sekunde 40, anatoka, anarudi. Kabla ya kupokea ile paki, kile kisahani cheusi cha mpira wanachokipiga, anageuza shingo mara mbili. Akinyang'anywa halaumu refa, anamfukuza aliyemnyang'anya hadi kwenye lango lake mwenyewe. Kocha wake alikuwa anapiga kelele jibu la mtihani, na mimi nimeinamia daftari nikitafuta neno zuri la kumsifia winga.

Basi ushauri wangu ni huu: usiifuate paki. Uwanja una urefu wa futi 200 na upana wa 85, paki iko pahali pamoja tu, na kila mtu anaitazama. Kaa juu, kwenye kona, mbali na kioo kinachozunguka barafu. Chagua kijana mmoja kwa kila kipindi, umtazame hata akiwa benchi anakunywa maji. Na bao likifungwa, uliza limefungwaje kabla ya kuandika nani kafunga.

Tazama pia tarehe ya kuzaliwa. NHL ikipanga vijana wa kuchaguliwa pamoja, mwaka wao wa kuzaliwa inaukata tarehe 15 Septemba. Namba 22 alizaliwa wiki ya kwanza ya Septemba, na winga mwisho wa Septemba ya mwaka uliotangulia. Karibu mwaka mzima kati yao, katika umri ambao kijana hubadilisha viatu kila baada ya miezi michache! Nami niliwapima kama mapacha.

Wakubwa pia hukosea, hilo hunifariji. Brayden Point, kwa sababu ya udogo wake, aliachwa hadi nafasi ya 79 mwaka 2014. Akabeba Kombe la Stanley, lile la bingwa wa NHL, na timu ya Tampa Bay 2020 na 2021.

Lakini nyinyi vijana mnaotaka kazi hii kwa kutazama vipande vya video simuni, niwaambie ukweli: vipande vile vimekatwa kufuata paki. Hakuna mtu anayekata kipande cha kijana anayerudi kulinda. Amka, nenda uwanjani, kaa kwenye baridi. Na narudia, usiifuate paki.

Wewe wa Panari, Jumamosi hii usicheze. Kaa pembeni, chagua mwenzako asiyefunga mabao, mwandike kwa dakika 20, unitumie. Nitakusahihisha kwa wino mwekundu.

Mimi Ijumaa narudi Kitchener. Winga yule yule anacheza, na sheria bado inamruhusu kuchaguliwa mwakani. Mkuu anataka nimtazame tena, ila safari hii amesema ripoti isizidi nusu ukurasa.