Kutabiri kikosi cha kikapu cha chuo: hesabu dakika kabla ya majina

Mashindano ya Machi yakishamalizika na bingwa akapatikana mwanzoni mwa Aprili, mashabiki wa kikapu cha vyuo vya Marekani huhamia kwenye swali moja: msimu ujao tutaanza na nani? Nimelifanyia kazi swali hili kwa muda mrefu, na wanaoanza huniomba niwaelekeze. Karibu wote huanza kwa kuandika majina matano wanayoyapenda, kisha hutafuta sababu za kuyatetea. Nawashauri waanzie kwingine kabisa. Chukua karatasi, andika juu yake namba 200.

Mchezo wa wanaume wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, una vipindi viwili vya dakika 20. Watu watano uwanjani kwa dakika 40 ni dakika 200 za kugawana, na kama hakuna muda wa nyongeza haiongezeki hata moja. Ukisema yule mgeni kutoka chuo kingine atacheza dakika 30, lazima useme pia nani ananyang'anywa dakika hizo. Ukisema kijana wa mwaka wa pili ameiva na atapanda kutoka dakika 12 hadi 25, zile 13 zinatoka kwa nani? Orodha ya majina haikuulizi maswali hayo. Hesabu inakuuliza, na haikuachii mpaka ujibu.

Sasa zigawe hizo 200 katika mafungu mawili. Nafasi za nje, yaani namba 1 na 2 (magadi, wanaopandisha mpira) na namba 3 (wa pembeni), zina dakika 120. Nafasi za ndani, namba 4 na 5 (senta), za watu warefu wa karibu na kikapu, zina dakika 80. Andika kila mchezaji anayerudi, alicheza dakika ngapi kwa wastani msimu uliopita na alizicheza wapi. Kinachobaki wazi ndicho pengo la timu, na pengo ndilo linalotabiriwa. Makocha wengi hutumia watu wanane au tisa mchezo ukiwa mgumu, kwa hiyo usijisumbue kumtafutia kila mtu nafasi. Wengine watakaa mwaka mzima wakifanya mazoezi bila kucheza ili wasitumie mmoja wa misimu wanayoruhusiwa kuchezea chuo.

Tuchukue Florida, mabingwa wa 2025 waliowafunga Houston 65–63 kwenye fainali kule San Antonio. Wachezaji watatu walioanza nje, Walter Clayton Jr., Alijah Martin na Will Richard, wote walikuwa wamemaliza miaka yao ya chuo, na Juni ile wote watatu walichaguliwa kwenye drafti ya NBA, yaani siku ambayo timu za ligi hiyo ya kulipwa huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Kila mmoja alikuwa akikaa uwanjani karibu dakika 30 au zaidi. Mashabiki wakajipa moyo kwamba Denzel Aberdeen, gadi aliyekuwa akitokea benchi, sasa atapanda. Aberdeen akahamia Kentucky. Kwa hiyo zile dakika 120 za nje zilikuwa wazi karibu zote.

Ndani mambo yalikuwa kinyume. Alex Condon aliingiza jina kwenye drafti, kisha akalitoa na kurudi chuoni. Rueben Chinyelu, Mnigeria aliyepitia NBA Academy Africa, kituo cha NBA cha kulea vipaji vya Afrika, alibaki. Thomas Haugh alibaki. Micah Handlogten, aliyevunjika mguu Machi 2024 na kurudi uwanjani Februari 2025, naye alibaki. Watu wanne warefu, kila mmoja akistahili muda kuliko mwaka uliotangulia, na dakika za ndani ni 80 tu. Hakuna kocha atakayemrudisha Condon kutoka mlangoni mwa NBA halafu ampe dakika 20. Mpe 30. Chinyelu, ambaye ndiye ngome ya ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kikapu, mpe 24. Handlogten mpe 14. Zimebaki 12 kwa Haugh, mtu aliyekuwa akicheza zaidi ya nusu ya mchezo hata pale alipokuwa akitokea benchi. Haiwezekani. Lazima mmoja wao asogee nje, na mwenye miguu ya kukimbizana na wachezaji wa pembeni na mkono wa kupiga pointi tatu ni Haugh.

Angalia kilichotokea hapo. Bila kusikia tetesi yoyote kutoka mazoezini, karatasi imeshakwambia kwamba Haugh atacheza namba 3, na kwamba kocha Todd Golden hahitaji gadi watatu wapya wa kuanza, anahitaji wawili. Akawapata Boogie Fland kutoka Arkansas na Xaivian Lee kutoka Princeton. Msimu ulipofunguliwa Novemba 2025 dhidi ya Arizona kule Las Vegas, Florida ilianza na Fland, Lee, Haugh, Condon na Chinyelu. Aliyekuwa akipanga majina kwa kufuata umaarufu alikuwa bado anamtafuta gadi wa tatu.

Kwa Mtanzania aliyeanza kufuatilia mchezo huu kwa sababu ya Hasheem Thabeet, zama zile mambo yalikuwa mepesi kuliko sasa. Thabeet aliingia UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, 2006, akacheza misimu mitatu, akaondoka 2009 na kuwa chaguo la pili la drafti. Maswali yalikuwa machache: nani amemaliza, nani anakwenda NBA, nani anaingia kutoka sekondari. Mchezaji aliyehama chuo kwa kawaida alilazimika kukaa nje mwaka mzima, kwa hiyo wengi hawakuhama. Oktoba 2018 ukaanzishwa mfumo wa mtandaoni ambamo mchezaji anaandikisha jina lake kwamba anataka kuhama. Mwaka 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo, na mwaka uleule akaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na picha yake. Mwaka 2024 kikomo cha kuhama kikaondolewa, mradi masomo yake yako sawa. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Ndiyo maana kikosi cha Aprili na kikosi cha Agosti vinaweza kuwa timu mbili tofauti kabisa.

Hapo kalenda inakuwa na uzito kuliko vipaji. Mwaka 2025 dirisha la kuhama lilifunguliwa Machi 24 na kufungwa Aprili 22. Sisi tuliozoea dirisha la usajili la soka tunasikia limefungwa na tunadhani biashara imeisha. Sivyo. Tarehe ile ni mwisho wa kuandikisha jina, haiwi mwisho wa kuchagua chuo. Aliyejiandikisha Aprili 20 anaweza kutangaza anakokwenda mwezi Juni. Halafu kuna tarehe nyingine, ya kujiondoa kwenye drafti kwa anayetaka kulinda haki yake ya kucheza chuo. Mwaka ule ilikuwa Mei 28. Kabla ya siku hiyo, kila mtu aliyeingiza jina kwenye drafti awe kwenye safu yake peke yake katika karatasi yako. Usimweke kwa wanaorudi, usimweke kwa walioondoka.

Mfano wa Cedric Coward unatosha. Alianzia Willamette, chuo kidogo cha daraja la tatu, akapanda hadi Eastern Washington, kisha Washington State, ambako jeraha la bega lilimkatisha msimu mapema. Akatangaza kwamba anakwenda Duke. Mashabiki wakampa namba 3 siku hiyohiyo. Lakini jina lake lilikuwa bado kwenye drafti, na timu za NBA zilipomwona kwa karibu mwezi Mei zikampenda. Akabaki kwenye drafti, akachaguliwa wa 11. Duke haikupata hata dakika moja yake, na ikamchukua Dame Sarr, kijana wa Kiitaliano aliyetoka Barcelona. Aliyekuwa ameandika vikosi viwili, kimoja cha Coward akija na kingine asipokuja, hakuwa na la kufuta. Mimi mwezi Mei huandika vikosi viwili kwa kila timu yenye mtu wa aina hii, na nakusihi ufanye hivyo hata kama moyo wako umeshachagua kimoja.

Kuhusu wanaohama, kosa kubwa la wanaoanza ni kubeba wastani wa pointi kama ulivyo. Mtu mwenye pointi 18 kwenye ligi ndogo alizipata kwa sababu timu nzima ilimtegemea. Akifika kwenye timu kubwa atakuta wengine wanne wenye mikono. Tazama kwanza vitu vinavyosafiri vizuri: asilimia ya pointi tatu kwa mitupo mingi, mitupo ya huru, ribaundi, pasi za kufunga ukilinganisha na mara anazopoteza mpira. Tazama pia alivyocheza dhidi ya timu chache kubwa alizokutana nazo. Lakini usimdharau kwa sababu ya jina la chuo alichotoka. Clayton alitoka Iona, na mwaka 2025 alikuwa mchezaji bora wa hatua ya nne bora.

Timu ikiwa tupu kabisa, mfuate kocha. Aprili 2024 John Calipari aliondoka Kentucky akaenda Arkansas, Mark Pope akaja kutoka BYU, na hakukuta hata mchezaji mmoja mwenye ufadhili aliyebaki. Dakika zote 200 zilikuwa wazi. Pale karatasi ya dakika haina cha kukuambia juu ya Kentucky wenyewe, lakini ina mengi juu ya Pope: timu zake hupenda kupiga pointi tatu kwa wingi na senta anayepiga pasi. Koby Brea wa Dayton, mpigaji hodari wa pointi tatu, na Amari Williams wa Drexel, senta mwenye jicho la pasi, walikuwa watu wa aina hiyo. Jaxson Robinson alimfuata Pope kutoka BYU. Mchezaji anayehama pamoja na kocha wake mpe uzito wa ziada, kwa sababu kocha anajua anachokipata, na imani ya kocha ndiyo inayozaa dakika. Kikosi kile kilifika 16 bora Machi 2025, ingawa majeraha yalikuwa yameshawatoa Kerr Kriisa na Robinson.

Lakini usitabiri mapinduzi pale ambapo hayahitajiki. Mwaka 2023 Purdue walitolewa na Fairleigh Dickinson, timu iliyopangwa namba 16, ya mwisho katika kundi lake la mashindano, wao wakiwa namba 1. Aibu ilikuwa kubwa na watu wakataka kila kitu kibadilishwe. Kocha Matt Painter akatazama pengo lake, akaona ni la gadi mwenye kasi na ukakamavu, akamleta Lance Jones kutoka Southern Illinois. Zach Edey akajiondoa kwenye drafti na kurudi, Braden Smith na Fletcher Loyer wakawa na mwaka mmoja zaidi wa uzoefu, Trey Kaufman-Renn akapanda kutoka benchi. Timu ileile, ikiwa imeongezewa mtu mmoja wa kuanza, ikacheza fainali ya 2024. Hasira ya mashabiki haimo kwenye hesabu ya dakika 200, wala usiiingize.

Kwa vijana wa mwaka wa kwanza, tofautisha kuanza na kucheza. Khaman Maluach, aliyezaliwa Rumbek, Sudan Kusini, na kukulia Uganda kabla ya kwenda kituo cha NBA Academy nchini Senegal, alikuwa senta wa kuanza wa Duke msimu wa 2024–25. Alicheza wastani wa dakika 21 hivi kwa mchezo. Mbele yake kulikuwa na nyota wa timu, Cooper Flagg, na timu ilipotaka kasi au ulinzi wa kubadilishana watu, Maliq Brown aliingia. Kwa hiyo utabiri wa kweli ulikuwa na sehemu mbili: ndiyo, anaanza, hapana, usimwandikie dakika 30. Kijana wa aina yake pia usimpime kwa video za sekondari za Marekani, maana hakupitia huko. Kabla ya kuingia Duke alikuwa ameshacheza BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, na watu wazima, na Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na timu ya taifa ya Sudan Kusini. Michezo hiyo ndiyo ya kutazama.

Nina neno moja la uzito kuhusu mahali pa kutafuta habari. Tumia takwimu rasmi za vyuo, ripoti za mchezo tukio kwa tukio, na waandishi wanaokaa mazoezini. Usimwandikie mchezaji ujumbe kumuuliza kama anabaki, na usimtukane akiondoka. Wengi wao wana miaka 18 hadi 22, wanafanya uamuzi mgumu pamoja na wazazi wao, mara nyingi katikati ya mitihani. Ninawapenda vijana hawa kuliko ninavyopenda kupatia utabiri.

Oktoba zikija mechi za kirafiki, usitazame watano wa kwanza peke yao. Kocha anaweza kumwanzisha mkongwe kwa heshima, au kumpumzisha mwenye maumivu ya kifundo. Andika nani anaingia wa kwanza kutoka benchi na anamtoa nani. Andika nani anapandisha mpira pale gadi wa kwanza anapopumzika. Kama mchezo umebana, andika watano waliokuwa uwanjani dakika tano za mwisho, maana hao ndio kocha anaowaamini. Kisha rudi kwenye karatasi, sahihisha dakika za kila mmoja mpaka jumla irudi kuwa 200, weka tarehe chini yake, na uiache ilivyo mpaka Novemba.