Aliyenisaidia safarini simjui hata jina, deni lake nitalilipaje?

SWALI:
Assalaam alaykum sheikh. Nilikuwa nasafiri peke yangu kwenda kumuona baba hospitali, nikafika stendi ya kubadilisha basi saa saba usiku, kuangalia mkoba haupo, simu humo, hela humo, kila kitu. Nikakaa kwenye benchi nalia. Akaja kaka mmoja simjui, shingoni amevaa msalaba, akaniuliza kuna nini, mimi nikaogopa nikavuta mtandio nikasogea mbali. Hakunifuata. Aliweka simu yake mwisho wa benchi akaniambia piga nyumbani, akaenda kukaa benchi la pili mpaka alfajiri. Kulivyokucha akanikatia tiketi, nikamwomba namba nimrudishie hela akasema usijali dada, nenda kamuone mzee. Sweta lake alilonipa kwa baridi nimeondoka nalo maana basi liliita ghafla. Sasa nyumbani wananiambia yule alikuwa malaika, nimshukuru Allah tu yaishe. Moyo wangu hautulii. Je hili ni deni? Naruhusiwa kumuombea na yeye sio muislamu? Na kule kumuogopa nilimkosea?

JIBU:
Waalaykumussalaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu, Allah amponye mzee wetu na akulipe kwa ulichopoteza.

Naanza na hilo la malaika maana ndio limenigusa zaidi. Najua ndugu zako wamesema kwa nia njema, lakini mimi siafiki. Yule alikuwa mtu. Alikuwa na usingizi kama wewe, alikuwa na baridi kama wewe na sweta akalivua, na hela ya tiketi imetoka mfukoni mwake. Tukisema malaika tunamnyang'anya uamuzi wake wote wa usiku ule, maana malaika hana usingizi wa kuutoa wala pesa ya kupunguza. Na ukisoma Suratu Dhariyat kuanzia aya ya 24, kisa cha Nabii Ibrahim alayhis salaam, utaona malaika ndio walikuwa wageni, wameingia kwake akawaona ni watu asiowajua, akaondoka kimya kimya kwa ahli zake akaja na ndama aliyenona. Mkarimu pale ni binaadamu, malaika wamepokelewa. Ndivyo Qur'ani ilivyopanga, na mimi napenda tuiache hivyo hivyo.

Kumshukuru Allah ni lazima, hapo hamna mjadala, Yeye ndiye aliyemleta. Lakini Mtume s.a.w. amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Allah, wamepokea Abu Dawud na Tirmidhi. Kwahiyo huwezi kuruka juu ya yule kaka ukaenda moja kwa moja kwa Mola ukasema yameisha. Kutotulia kwa moyo wako ni jambo zuri dada, usilizime.

Sasa deni. Kuna deni la mali na kuna deni la wema, ni vitu viwili. La mali mwenyewe kalifuta, ulimwambia nitakurudishia akakujibu usijali nenda kamuone mzee, hapo tiketi imekuwa zawadi, hudaiwi. Hata ukifa leo haiingii kwenye madeni ya mirathi yako. La wema ndio limebaki, na hilo Mtume s.a.w. katufundisha namna ya kulilipa, kwamba atakayekufanyia wema mlipe, na kama hupati cha kumlipa basi muombee dua mpaka uone kwamba umeshamlipa. Iko kwa Abu Dawud na Nasai. Angalia hapo alipoiweka mipaka, hajasema dua moja wala tatu, amesema mpaka uone wewe mwenyewe. Kwahiyo kipimo ni huo moyo wako unaosema hautulii, endelea kumuombea na siku ukitulia utajua. Na kumbuka dua ya msafiri ni katika dua tatu zisizorudishwa, ya aliyedhulumiwa, ya msafiri na ya mzazi kwa mwanawe, basi ukisafiri tena mkumbuke ukiwa njiani.

Kumuombea asiye muislamu, ndio unaweza. Muombee uongofu, afya, riziki, familia yake, muombee na yeye siku akikwama apate wa kumkwamua. Kilichokatazwa ni kumuombea msamaha mtu ambaye imeshabainika amekufa kwenye shirki, yaani kumshirikisha Allah, hiyo ni Suratu Tawba aya ya 113, na wewe huko hujafika, yule yu hai na mwisho wake anaujua Allah. Na Suratul Mumtahana aya ya 8 inasema wazi Allah hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini. Wapo wanaoona vigumu kukiri wema wa mtu wa dini nyingine, wanauma uma maneno. Mtume wetu hakuwa hivyo. Aliporudi kutoka Taif aliingia Makka kwa ulinzi wa Mut'im bin Adiy, mkubwa wa Makka aliyekuwa mushrik, yaani mwabudu masanamu, akafa hajasilimu. Baadae kabisa, vita vya Badr dhidi ya watu wa Makka vimeisha, mateka wao wapo mbele yake, akasema lau Mut'im angekuwa hai akanizungumzia kuhusu hawa ningemwachia. Bukhari kaipokea, na aliyesimulia ni Jubayr, mtoto wa huyo huyo Mut'im. Mtu keshakufa, na wema wake bado unatajwa mbele za watu.

Kuhusu kumuogopa hapana, hujamkosea. Dhana mbaya iliyokatazwa ni ya kumhukumu mtu moyoni bila ushahidi kisha ukaenda nayo. Wewe ulivuta mtandio ukasogea, mwanamke peke yake usiku na umeshaibiwa, hiyo ni tahadhari, ni kumfunga ngamia kisha kutawakali, yaani kumtegemea Allah. Na ninavyoona mimi yeye mwenyewe alikuelewa kuliko unavyodhani, ndio maana simu kaiweka mwisho wa benchi hakukupa mkononi, akaenda kukaa benchi la pili.

Hapo kwenye benchi ndio nimemkumbuka Mama Ummu Salama r.a., aliyekuja baadae kuwa mke wa Mtume s.a.w. Wakati huo alikuwa ametenganishwa na mumewe kama mwaka mzima, aliporudishiwa mtoto wake akapanda ngamia akatoka Makka kwenda Madina, safari ya zaidi ya kilomita 400, hana mtu. Alipofika Tan'im, nje kidogo ya Makka, akakutana na Uthman bin Talha, wakati huo hajasilimu bado. Akamuuliza huna mtu wa kufuatana nae? Akasema wallahi sina ila Allah na huyu mwanangu. Uthman akashika hatamu ya ngamia akaanza kutembea. Sasa sikiliza alivyokuwa anafanya, maana mama mwenyewe ndiye anasimulia. Wakifika pa kupumzika anampigisha ngamia magoti kisha anajitenga mpaka ashuke, halafu anarudi kumchukua ngamia anamfunga kwenye mti, yeye anaenda mti mwingine mbali analala chini yake. Wakati wa kuondoka anamleta ngamia ameshatandikwa, anajitenga tena, anasema panda. Njia nzima hivyo mpaka kijiji cha Quba karibu na Madina, akamwambia mumeo yuko humu, akageuza akarudi Makka kwa miguu alivyokuja. Ummu Salama akawa anasema hajapata kuona mwenza wa safari mtukufu kuliko Uthman bin Talha. Mtu huyu alikuja kusilimu miaka baadae kabla ya kufunguliwa Makka, na siku ya ufunguzi Mtume s.a.w. akamrudishia ufunguo wa Kaaba mkononi mwake.

Nilivyosoma swali lako, benchi la pili na ule mti mwingine nimeviona ni kitu kimoja. Mama Ummu Salama alimtaja mtu wake kwa jina, wewe jina huna, lakini unaweza kulisimulia tukio kama lilivyokuwa, na kulitaja ni sehemu ya shukrani. Msimulie mzee pia, wasimulie na wanaosema malaika.

(Najua wapo watakaouliza mbona kasafiri bila mahram, yaani mume au ndugu wa kiume asiyeweza kumuoa. Wanazuoni wamelizungumza kwa urefu na wengi wao wanamshurutisha mahram, tutalifungulia swali lake inshaAllah, lakini dada alikuwa anamkimbilia baba yake mgonjwa na hili silo aliloniuliza.)

Limebaki sweta. Tiketi alikupa, sweta hakukupa, alikuazima kwa baridi, kwahiyo hilo ni amana na bado ni mali yake. Lifue uliweke, usilivae. Ukipita tena stendi ile, au ndugu yako yeyote akipita, aulize wakata tiketi na wenye vibanda vya pale, mtu aliyekaa mpaka alfajiri anamkatia tiketi mgeni huenda kuna aliyemuona na anamjua. Akipatikana mrudishie na umshukuru kwa mdomo wako. Ukitafuta mpaka ukakata tamaa, mpe mtu mwenye kuhitaji kwa niaba ya mwenyewe, na ikitokea siku akaonekana, mwambie ulivyofanya, akiridhia sawa, akitaka sweta lake mlipe thamani yake. Ila anza kwa kuuliza kwanza, na uulize kwa kweli, usipite tu.

Wallahu a'lam.