Alaska na pwani isiyo na mpango

SWALI: Alaska iliacha mpango wake wa kusimamia pwani mwaka 2011. Kwani sheria za serikali kuu ya Marekani hazitoshi?

JIBU: Hazitoshi. Chini ya sheria ya serikali kuu ya mwaka 1972 kuhusu usimamizi wa pwani, kampuni inayotaka kibali cha serikali kuu, tuseme cha kuchimba mafuta baharini, lazima ilithibitishie jimbo kwamba kazi hiyo inaafiki sera zake za pwani. Jimbo lina miezi 6 ya kujibu, likinyamaza, limekubali. Likipinga, kibali hakitoki, isipokuwa Waziri wa Biashara atengue pingamizi. Bila mpango ulioidhinishwa na serikali kuu, jimbo halina nguvu hiyo, wala ruzuku ya serikali kuu ya kuuendesha mpango. Agosti 2012 wapiga kura walikataa kuurudisha. Kwa maoni yetu walikosea: kama tatizo ni ucheleweshaji wa vibali, fupisheni muda wa mapitio.