Barua ya kazi ya kupeleka Kanada: maswali ya mafundi wa Kusini

Wiki hii maswali yote yanahusu ukaazi wa kudumu Kanada kwa njia ya Express Entry, mfumo wa Kanada wa kupokea maombi, chini ya mpango wake wa shirikisho wa wafanyakazi wenye ujuzi. Barua inayozungumzwa ni ya mwajiri, ya kuthibitisha kazi uliyofanya.

Nilichomelea bomba la gesi la Mtwara hadi Dar kuanzia 2013 mpaka 2015. Mkandarasi alishaondoka nchini. Barua nitaipata wapi? Sasa nipo karakana ya mtu hapa Chikongola. (Fundi, Mtwara)

Kaka, kabla ya kumtafuta mkandarasi, tazama kalenda. Kanada inahesabu kazi ya miaka 10 iliyopita tu, kurudi nyuma tangu siku unayotuma maombi. Miaka ile ya bomba imeshatoka nje ya hesabu, hata ukiipata barua yenye mihuri mitatu. Inauma, kwa sababu najua kazi ile ilikuwa kubwa kuliko zote ulizowahi kushika.

Kinachokubeba ni karakana. Wanataka angalau mwaka 1 mfululizo wa kazi ya kulipwa, saa 30 kwa wiki, jumla saa 1,560. Ukifanya saa 60 kwa wiki, zilizozidi 30 hazihesabiwi, kwa hiyo miezi sita haigeuki mwaka. Mwombe bosi barua sasa hivi, angali yupo na bado mnaelewana.

Bosi ameniandikia kuwa mimi ni "mwaminifu na mchapakazi". Inatosha? (Fundi umeme, Lindi)

Haitoshi, dada. Nami nilipewa ya namna hiyo: mistari mitatu, mhuri umekaa juu ya tarehe hadi mwaka hausomeki. Nilirudi kwa mwajiri yule mara nne.

Barua iwe kwenye karatasi ya kampuni yenye anwani, simu na barua pepe, isainiwe na msimamizi au afisa utumishi, jina na cheo chake vionekane. Ndani itaje cheo chako, tarehe ya kuanza na kuacha, saa kwa wiki, mshahara na marupurupu, na majukumu. Hapo kwenye majukumu ndipo wengi wanapoangukia. Afisa analinganisha na maelezo ya kazi yako katika NOC, orodha ya kazi ya Kanada. "Alifanya kazi za umeme" haimwambii kitu. "Alitandaza nyaya katika majengo mapya, alifunga swichibodi, alitafuta hitilafu kwenye mota za pampu" inamwambia. Ila usinakili sentensi za NOC neno kwa neno. Barua inayofanana mno na orodha inaleta mashaka.

Cheti cha utumishi, ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma, kiambatishe, pamoja na taarifa ya michango ya NSSF na hati za mshahara. Hivyo vinaisindikiza barua, haviwezi kukaa mahali pake.

Nimejiajiri, ni seremala Nachingwea. Nijiandikie? (Seremala)

Maelezo yako mwenyewe hayakubaliki kuwa ushahidi. Kusanya leseni ya biashara, TIN, risiti za kodi, taarifa za benki, na barua za wateja zinazosema uliwatengenezea nini, lini, wakalipa kiasi gani. Kama ulitengeneza madawati ya shule, anzia huko. Shule ina mhuri na kumbukumbu.

Natengeneza mashine kiwanda cha korosho, msimu tu. (Fundi mitambo, Newala)

Msimu ukikatika, na mwaka umekatika. Ukiwa na kazi ileile ya kulipwa kwingine bila pengo, waajiri wawili wanaunganishwa, kila mmoja na barua yake.

Kuna mtu anauza barua za kampuni iliyofungwa. (Msomaji, Masasi)

Usiguse, nakuomba. Kanada hupiga simu na kuandika barua pepe kuhakiki. Ukibainika umedanganya, unafungiwa miaka 5. Kama kampuni yako kweli imefungwa, andika barua ya kueleza hivyo, weka mkataba wako, hati za mshahara na kiapo cha aliyekuwa msimamizi wako. Afisa ndiye atakayeamua.

Barua ya Kiswahili inapokelewa? (Msomaji, Kilwa)

Ndiyo, ikiambatana na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa. Mtafsiri asiyeidhinishwa lazima ale kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba tafsiri ni sahihi. Ndugu yako haruhusiwi kuitafsiri, hata kama ni mwalimu wa Kiingereza.