Maalim, mbona kitovu cha kasia si katikati ya vitovu viwili?

SWALI: Asalaamu alaykum Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Wete. Tulipewa swali la kasia. Mpini una urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 3, bapa lina urefu wa sentimita 40 na uzito wa kilo 1. Tutafute kitovu cha graviti cha kasia zima, yaani pale litakapotulia sawa juu ya kidole, tukipima kutoka ncha ya mpini. Kitovu cha mpini ni sentimita 80, cha bapa ni 180. Nikajumlisha, nikagawa kwa mbili, nikapata 130. Nimepata kosa. Kanuni tumeandikiwa ubaoni: zidisha kila uzito kwa umbali wake, jumlisha, kisha gawa kwa uzito wote. Lakini sielewi inatoka wapi. Tena rafiki yangu anasema kitovu chaweza kuwa mahali pasipo na kitu. Kweli?

JAWABU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Kosa lako si la uvivu. Vitovu vya vipande vyote viwili umevipata sawasawa. Umeteleza pale ulipogawa kwa mbili, maana umeuhesabu mpini wa kilo 3 na bapa la kilo 1 kana kwamba ni wenza. Wastani wa namna hiyo unafaa pale tu vipande vinapokuwa na uzito mmoja. (Darasani mtasema tungamo. Hapa nasema uzito, kama wasemavyo sokoni, na hesabu haibadiliki.)

Mimi jambo hili sikulijulia skuli, nililijulia nyuma ya babangu. Alikuwa mchuuzi wa samaki. Asubuhi hujaza matenga mawili Tumbe, akayatundika kwenye mzegazega, ule mti wa kubebea mizigo begani, akashika njia ya Konde kwa miguu, nami namfuata. Macho yangu yalikuwa kwenye ule mti. Tenga zito lilikuwa karibu na bega, jepesi likining'inia mbali. Akisimama njiani kumuuzia mtu changu wawili watatu, kabla hajaondoka huusukuma mti kwa kiganja, akautikisa mara moja, mti ukatulia. Hakuwahi kupima kwa rula, na sikuwahi kuona tenga likimwinamia.

Tuitie namba kazi yake. Tuseme mti una urefu wa sentimita 150 na uzito wa kilo 2, tenga la mbele kilo 10, la nyuma kilo 8. Tunapima kutoka ncha ya mbele. Tenga la mbele liko kwenye sifuri, kwa hiyo 10 mara 0 ni 0. Mti tunauhesabu kana kwamba uzito wake wote uko katikati yake: 2 mara 75 ni 150. Tenga la nyuma: 8 mara 150 ni 1,200. Jumla ni 1,350. Uzito wote ni kilo 20. Ukigawa unapata 67.5, na hapo ndipo bega linapokaa.

Sasa simama na bega hilo uangalie pande mbili, maana kanuni yenu inatoka hapa khasa. Mbele kuna kilo 10 kwa umbali wa sentimita 67.5, sawa na 675. Nyuma kuna kilo 8 kwa umbali wa 82.5, yaani 660, na mti wenyewe, ambao katikati yake imeangukia nyuma ya bega kwa sentimita 7.5: 2 mara 7.5 ni 15. 660 na 15 ni 675. Nguvu ya kuangusha mbele na ya kuangusha nyuma zimelingana. Kitovu ndiyo ile nukta pekee ambayo pande zake zinalingana hivyo.

Babangu akishauza kilo 4 kutoka tenga la mbele, jumla inabaki 1,350, kwa kuwa tenga hilo liko kwenye sifuri, lakini uzito umeshuka hadi kilo 16. Kitovu kinakwenda sentimita 84 na kidogo. Bega linatakiwa lirudi nyuma kama sentimita 17, pungufu ya shubiri. Kile kisukumo cha kiganja ndicho hicho.

Kasia lako ni mzegazega mwingine. 3 mara 80 ni 240, 1 mara 180 ni 180, jumla 420, gawa kwa kilo 4: sentimita 105. Lihakikishe. Kutoka 105, kitovu cha mpini kiko umbali wa 25, na 3 mara 25 ni 75. Kitovu cha bapa kiko umbali wa 75, na 1 mara 75 ni 75. Ukiliwekea kidole kwenye 130 yako, mpini unavuta 150 na bapa 50 tu, basi kasia litakuangukia upande wa mpini. Na ukipenda kuanza kupima kutoka ncha ya bapa, utapata 95. Toa kwenye 200, unarudi pale pale.

Rafiki yako amesema kweli. Itazame ngata anayojitwika mama ndoo ya maji: kitovu chake kiko katikati ya tundu, kwenye hewa. Kwa umbo lenye pengo tunahesabu kitu kizima, kisha tunatoa kilichokatwa. Chukua boksi gumu, kata mraba wa sentimita 40, kisha kwenye pembe moja ondoa mraba wa sentimita 30. Utabaki na umbo la herufi L lenye upana wa sentimita 10. Boksi lina unene mmoja, kwa hiyo eneo linatosha badala ya uzito: 1,600 mara 20 ni 32,000, toa 900 mara 25 (kutoka ukingo wa nje, kitovu cha mraba ulioondolewa kiko 10 na 15), yaani 22,500, zinabaki 9,500. Gawa kwa eneo lililobaki, 700. Unapata kama sentimita 13.6 kutoka kila ukingo wa nje, na upana wa umbo ni 10 tu. Kitovu kimetoka nje.

Usiniamini kwa maneno. Gundisha karatasi nyepesi kwenye lile pengo, toboa tundu dogo kwenye ncha moja ya L, itundike kwenye msumari ining'inie kwa raha yake. Kwenye msumari huo huo funga uzi wenye kijiwe, kama timazi ya fundi, na uchore mstari unapopita uzi. Rudia kwa ncha ya pili. Mistari itakutana juu ya karatasi. Pima, kisha uniandikie umepata ngapi.