Watoto Hawajaweka Nadhiri

Sisi watu wazima tunaoishi kwenye jumuiya za sala zinazolea watoto tulichagua wenyewe. Sista aliweka nadhiri, mwalimu aliomba kuja, nami niliyekubali ulezi nilijua ninakokwenda. Mtoto aliletwa tu, na bibi yake au na afisa ustawi wa jamii. Kwa miaka yangu yote ya ulezi huku Njombe, hilo ndilo namwambia kila mlezi mpya kabla hajakabidhiwa funguo.

Ukilishika hilo, hata kengele ya alfajiri utaiangalia upya. Juni na Julai baridi ya huku inakata, maji ya bomba yanauma vidole. Mtoto wa miaka 4 ukimtoa kitandani saa kumi na moja umpeleke kanisani, atatetemeka tu. Mwache alale. Akiamka mpe uji wa moto, kisha msali pamoja sala fupi anayoielewa. Wala huo si ulegevu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, wanayoifuata watawa wa Imiliwaha, Peramiho na Hanga, ni ya karne ya 6, na sura yake ya 37 inaagiza wazee na watoto wahurumiwe, wasibanwe na ukali wa kanuni kuhusu chakula, wale hata kabla ya saa zilizopangwa.

Na tafadhali sana, sala isiwe adhabu. Tulipokea mtoto wa darasa la kwanza ambaye kengele ya jioni ikilia tu, anajificha nyuma ya stoo. Alikotoka, akikojoa kitandani alipigishwa magoti kwenye sakafu ya saruji asali rozari nzima. Sikumvuta. Nilimfuata na ungo wa maharage, tukawa tunachambua huku naimba pambio taratibu. Ilichukua muda. Siku moja akaniuliza, "Mama, nikija naruhusiwa kukaa karibu na mlango?" Nikamwambia anaruhusiwa. Godoro likilowa, lianike juani bila maneno, tena asubuhi, wenzake wakiwa wameshakwenda shule.

Mambo kama haya mkuu wa nyumba hayaoni. Anayefua mashuka ndiye anayejua nani analia usiku. Mwalimu ndiye anayejua nani anasinzia darasani. Kwa hiyo ratiba inapopangwa, walezi na walimu wawepo kikaoni, tena waulizwe. Sura ya 3 ya Kanuni ileile inamtaka abate, yaani mkuu wa monasteri, awaite ndugu wote wakati wa shauri kubwa, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Dai pia siku yako ya mapumziko, na atakayekushikia zamu awe mtu ambaye watoto wanamfahamu. Mlezi asiyelala anakuwa mkali hata kama ana moyo mzuri.

Mwisho, ulinzi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, na uzio wa utawa hauiondoi. Heshima ya nyumba isikufanye unyamaze mtoto anapoumizwa. Namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto, isiyo na malipo, ibandikwe bwenini, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la pili anaweza kuzisoma. Na kila mtoto awe na mtu mzima mmoja wa nje ya nyumba, shangazi au mwalimu wa shule ya kijiji, anayeweza kuzungumza naye bila sisi kuwepo.