Monroe alipata wapi ubavu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Darasani tumeambiwa kuwa mwaka 1823 Rais James Monroe wa Marekani alizikataza dola za Ulaya kutafuta makoloni mapya katika bara la Amerika. Nchi yenyewe ilikuwa changa na manowari zake za kuhesabika. Ilipata wapi ubavu huo, na kwa nini Ulaya ikatii? (Mwanafunzi, kidato cha nne)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ubavu ule ulikuwa wa Mwingereza, na hapo ndipo ulipo utamu wa kisa.

Mwaka ule majeshi ya Ufaransa yaliingia Uhispania kumrudishia Mfalme Ferdinand VII mamlaka yake yote. Ikahofiwa kwamba baada ya hapo watavuka Atlantiki wamrudishie na makoloni yaliyokwisha kujitangazia uhuru: Meksiko, Kolombia, Chile na wenzao. London haikulitaka hilo, wala si kwa huruma. Wafanyabiashara wake walikuwa wakivuna katika bandari ambazo zamani Uhispania iliwafungia. Mwezi Agosti waziri wake wa mambo ya nje, George Canning, akamwendea balozi wa Marekani, Richard Rush: tutoe tamko la pamoja.

Monroe aliwaomba ushauri marais wastaafu, Jefferson na Madison. Wote wakasema kubali. Aliyegoma ni John Quincy Adams, Waziri wa Mambo ya Nje, ambaye mimi namhesabu kuwa ndiye mwenye sera hii ingawa inaitwa kwa jina la mkubwa wake. Aliwaambia mawaziri wenzake kuwa ni heri Marekani iseme yenyewe kuliko kuwa kimashua kinachofuata nyuma ya manowari ya Mwingereza. Heshima, sawa. Lakini angalia sharti la Canning: pande zote mbili zingeahidi kutojitwalia hata kipande cha makoloni yale. Adams alikuwa akiitolea macho Kuba, na Texas pia hakutaka kuifungia mlango. Kwa kusema peke yake, aliwakataza wengine bila kujikataza mwenyewe. Mjanja yule!

Tarehe 2 Desemba 1823 maneno hayo yakaingia katika ujumbe wa mwaka wa Monroe kwa Kongresi. Mrusi naye alilengwa, maana mwaka 1821 Tsar Alexander I alidai pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika hadi latitudo ya nyuzi 51. Makoloni yaliyokuwapo hayakuguswa. Na Haiti, huru tangu 1804, Marekani yenyewe haikuitambua hadi 1862.

Ulaya kutii? Ufaransa ilikwisha kumhakikishia Canning mwezi Oktoba, kwa maandishi, kwamba haitatumia silaha kule. Iliziogopa manowari za Uingereza. Mwaka 1833 Mwingereza huyohuyo alipovichukua visiwa vya Falkland, Washington ilinyamaza. Mwaka 1861 Uhispania ikaitwaa tena Jamhuri ya Dominika, kisha Wafaransa wakavamia Meksiko na kumtawaza Maximilian wa Austria, huku Wamarekani wakiuana wenyewe kwa wenyewe. Vita vyao vilipokwisha 1865 ndipo walipopeleka askari mpakani Texas, na Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, akaanza kuondoa majeshi yake. Ila katika mtihani usiwape Wamarekani sifa yote: wapiganaji wa Benito Juárez, rais wa Meksiko, hawakuweka silaha chini miaka yote ile, na ni wao waliomkamata Maximilian wakampiga risasi mjini Querétaro, Juni 1867.